Je, Bahari Iliwahi Kufika Usoke?

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Natumaini taa inawaka vizuri na ubao umekwisha futwa. Mwalimu, tafadhali tundika ramani ya Afrika ya Mashariki, maana leo tutatembea mbali. Tutashika njia ya wapagazi wa zamani kutoka Unyamwezi mpaka pwani, tutavuka bahari, kisha tutarudi bara mpaka Ziwa Tanganyika.

Somo hili limetokana na ubishi. Darasa la Usoke lilituletea barua. Mwenzao mmoja alikuwa akipiga jembe katika shamba la karanga, akaokota simbi moja, nyeupe, imechakaa, ina tundu mgongoni. Simbi mnaijua, ndiyo ile wengine waiitayo kauri. Basi yule aliyeiokota akasema, hii ni alama kwamba hapo kale bahari ilifika Usoke ikarudi. Jirani yake akakataa, akasema ni kitu cha mababu kilicholetwa kutoka pwani. Wakabishana mpaka darasani, na darasa likagawanyika pande mbili. Mwishowe wakaandika barua, na barua yenyewe imeandikwa kwa mkono wa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, hati yake safi kabisa.

Nawapa jibu fupi kwanza, ili msikae na wasiwasi. Jirani ndiye aliyesema kweli. Simbi ile ilifika Usoke kichwani au shingoni mwa mtu, haikuletwa na bahari. Lakini yule wa kwanza naye hakuwa mjinga. Wazo lake lilipata kuwashika hata wataalamu wakubwa wa Ulaya, wakalisumbukia miaka mingi, kama tutakavyoona. Sasa tutazame twajuaje.

Tuanze na tundu la mgongoni. Mnyama wa simbi hana haja ya tundu lile. Mtu ndiye aliyelitoboa ili apitishe uzi. Na watu walikuwa na njia ya kuileta. Karne nzima kabla ya reli, njia kuu ya nchi hii ilikuwa njia ya misafara, kutoka Bagamoyo kupita Ugogo mpaka Tabora, na kutoka Tabora mpaka Ujiji. Tabora njia iligawanyika: moja ilikwenda magharibi ziwani, nyingine ilipanda kaskazini kwenda Karagwe na Buganda, ambako simbi zilitumika kama fedha. Pembe za ndovu zilishuka pwani. Nguo, shanga, waya wa shaba na simbi vilipanda bara. Aliyebeba hayo yote, kwa sehemu kubwa, alikuwa Mnyamwezi. Waingereza wawili, Burton na Speke, waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakafika Tabora, iliyoitwa Kazeh wakati ule, mwezi wa Novemba. Siku hizi mtu apanda gari la moshi. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, nayo ndiyo inayopita hapo stesheni kwenu Usoke.

Sasa mfikirieni yule mpagazi. Ameacha nyumbani kwake tembe, nyumba ya miti na udongo. Ameacha pia mawe makubwa ya kijivu yajitokezayo mashambani, magumu hata jembe la chuma linatoa cheche. Anatembea miezi miwili, mitatu, na mzigo wa pembe begani. Anafika Bagamoyo, anaona nyumba za mawe. Akiingia Kaole, karibu na hapo, anaona misikiti na makaburi ya mawe, yaliyokwisha kuwa magofu hata wakati ule. Akilitazama jiwe lenyewe kwa karibu, anashangaa. Jiwe lina vitundu kama sega la nyuki, na ndani yake yamo magamba ya chaza na ya konokono wa baharini, yameshikamana na jiwe wala hayang'oki.

Jiwe hilo ni la matumbawe. Nalo ndilo jiwe la pwani yetu yote, tangu Lamu na Mombasa mpaka Kilwa na Mtwara, na visiwani Unguja, Pemba na Mafia. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani umejengwa kwa jiwe hilo. Ngome kubwa ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, imekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Hata chokaa ya kushikisha mawe hayo ni matumbawe yaliyochomwa juu ya lundo la magogo mpaka yakawa unga. Kwa hiyo ukuta wa mji wa pwani wote ni bahari tupu, jiwe lake na chokaa yake.

Tumbawe si jiwe tangu mwanzo. Hujengwa na vijidudu laini, vidogo, vinavyoishi baharini kwa makundi. Kila kimoja hujitengenezea kikombe kigumu kutokana na madini yaliyo katika maji. Kikifa, kikombe chake hubaki, na kingine hujenga juu yake. Miaka elfu kwa elfu lundo hilo huwa mwamba. Lakini shikeni jambo hili moja, maana somo zima limesimama juu yake: matumbawe yajengayo miamba mikubwa hukua katika maji ya vuguvugu, yasiyo na kina kirefu, penye mwanga wa jua. Hayawezi kukua nchi kavu. Basi ukiona mwamba wa matumbawe umesimama mita tano au kumi juu ya maji, na mizizi ya mbuyu imeukumbatia, ujue pametokea jambo. Ama nchi imepanda, ama bahari imeshuka.

Ni lipi kati ya hayo mawili? Hapa ndipo watu wengi hukosea. Wakisikia kwamba ardhi hupanda na kushuka, hukimbilia kusema kila mwamba wa pwani umeinuliwa na tetemeko. Sivyo.

Miaka kama 125,000 iliyopita dunia ilikuwa na joto kidogo kuliko ilivyokuwa zama za babu zetu, na bahari ilisimama juu zaidi ya leo kwa mita 6 mpaka 9. Matumbawe yakajenga kwa kuufuata usawa ule. Kisha baridi ikaingia. Huko Ulaya ya kaskazini na Marekani ya kaskazini theluji ililundikana ikawa barafu nene kama milima. Maji ya barafu ile yalitoka wapi? Yalitoka baharini. Ilipofika kama miaka 20,000 iliyopita bahari ilikuwa imeshuka kiasi cha mita 120 chini ya leo. Matumbawe yakaachwa juu, makavu, yakanyeshewa mvua mpaka yakashikana yakawa jiwe gumu. Baadaye barafu ikayeyuka, bahari ikapanda tena, lakini haikufika pale pa kwanza. Umri huu haukukisiwa tu. Ndani ya matumbawe zimo chembe chache mno za madini yaitwayo urani, ambayo hubadilika polepole kwa kipimo kisichobadilika. Mwenye kuzipima huwa kama mtu aliyeokota saa ardhini ikali inakwenda.

Basi sehemu kubwa ya mwamba wa pwani, ule unaokanyagwa na watu wa Mombasa na wa Unguja mashariki, umeachwa juu kwa sababu bahari imeshuka. Ushahidi mwingine uko kwa wanyama. Unguja walikuwako chui, na chui hapandi mashua. Alikwenda kwa miguu, zama zile mlango wa bahari ulipokuwa nchi kavu, kwa maana maji yake si marefu. Lakini Pemba, iliyo jirani, haijulikani kuwa na chui. Mlango wa Pemba una kina cha mamia ya mita. Hata bahari iliposhuka kwa mita 120, maji yalibaki. Pemba imetengwa na bara kwa sababu nyingine kabisa. Gamba la dunia lilipasuka, kipande cha katikati kikazama, na Pemba ikabaki peke yake, zamani sana, kabla ya barafu hiyo. Visiwa viwili ndugu, kwa mbali vyafanana, na kila kimoja kina asili yake.

Je, nchi kuinuka na kuacha matumbawe juu ni hadithi tu? La. Watu walio hai wameliona kwa macho. Tarehe 26 Desemba 2004 lilitokea tetemeko kubwa chini ya bahari, upande wa pili wa bahari yetu hii, karibu na Sumatra katika Indonesia. Wengi wenu mwakumbuka jinsi redio zilivyotangaza habari ya mawimbi yaliyoua watu zaidi ya 200,000, na yaliyofika mpaka kwetu, wakafa maji watu zaidi ya kumi. Lakini kulikuwa na jambo jingine halikutangazwa sana. Katika kisiwa cha Simeulue sehemu ya pwani ilipanda kiasi cha mita moja na nusu siku ile ile. Wavuvi walikuta matumbawe yaliyokuwa chini ya maji sasa yako juani, yanakauka na kunuka. Miezi mitatu baadaye, tarehe 28 Machi 2005, tetemeko la pili likainua kisiwa cha Nias, mahali pengine karibu mita tatu. Mtu alilala pwani ya zamani akaamkia pwani mpya.

Basi yako mambo mawili yaliyokwisha tajwa, bahari kushuka na nchi kupanda. La tatu ni moto.

Mwalimu, onyesha visiwa vya Ngazija, kusini-mashariki ya Mtwara, kati ya Msumbiji na Madagaska. Visiwa hivyo ni vinne: Ngazija, Mwali, Nzuani na Maore. Lugha ya watu wake ni ndugu ya Kiswahili. Visiwa vyote vinne vimezaliwa na volkano, yaani milima ya moto, iliyoanzia chini kabisa ya bahari. Chini ya dunia mna mawe yaliyo moto mno. Panapokuwa na ufa, uji wa mawe hayo hupanda, hukutana na maji ya baridi, huganda. Mwingine hupanda juu yake, huganda. Lundo hukua gizani bila mtu kujua, mpaka siku moja hutoa kichwa juu ya maji, na hapo ndipo watu huita kisiwa.

Msidhani haya yamekwisha. Mwezi wa Mei 2018 ardhi ya Maore ilianza kutetemeka, mara nyingi, siku baada ya siku. Watu waliingiwa na hofu, wengine wakalala nje. Hakuna aliyejua sababu. Tarehe 11 Novemba mwaka huo mitambo ya kupimia matetemeko sehemu nyingi za dunia ilisikia mvumo mrefu wa ajabu, kama ngoma inayopigwa mbali. Mwezi wa Mei 2019 meli ya utafiti ya Wafaransa ilipima sakafu ya bahari kiasi cha kilomita 50 mashariki ya Maore, ikakuta mlima mpya, wenye urefu wa mita kama 800, mahali palipokuwa patupu miaka michache nyuma. Kilele chake bado kiko mbali sana chini ya maji. Ukapewa jina Fani Maore. Na kwa kuwa uji ule ulitoka katika tumbo la ardhi chini ya Maore, kisiwa chenyewe kilididimia kwa zaidi ya sentimita 10. Ukichota unga ndani ya gunia, gunia hulegea. Mkulima wa Usoke atasema sentimita 10 ni kitu gani. Kwa mtu mwenye nyumba ukingoni mwa maji, ni tofauti ya kuoga mlangoni au kutooga.

Sasa linganisheni kisiwa cha Ngazija na Maore. Ngazija ni kijana; mlima wake, Karthala, ulitoa moto mwaka 2005 na tena 2006 na 2007. Ufuko wake mwingi ni mawe meusi ya volkano, na matumbawe ni machache, maana hayajapata muda. Maore ni mzee. Imezama polepole kwa uzito wake, na kadiri ilivyozama matumbawe yalizidi kujenga juu ili yasikose jua. Kwa hiyo leo Maore imezungukwa na ukuta mkubwa wa matumbawe, na kati ya ukuta na kisiwa mna maji matulivu. Mwingereza Charles Darwin alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1842: kisiwa cha moto huzama, na matumbawe yakabaki pete juu ya maji. Kisiwa cha Aldabra, katika dola ya Shelisheli, ni pete ya namna hiyo. Chini yake ni mlima wa moto uliolala, juu yake kofia ya matumbawe iliyoachwa kavu, na juu ya kofia hiyo wanaishi makobe wakubwa wengi mno.

Wanafunzi, tumekaa pwani vya kutosha. Turudi bara, maana ubishi wa Usoke haujakwisha.

Mwezi wa Februari 1858 Burton na Speke walifika Ujiji. Speke aliokota magamba ya konokono ufukoni, akayapeleka Ulaya. Wataalamu walipoyatazama walistaajabu. Yalionekana kama magamba ya baharini wala si ya ziwani. Baadaye ikajulikana pia kwamba katika ziwa lile yuko mnyama laini, mviringo, mwangavu, aeleaye majini, jamaa ya yule ambaye watu wa pwani humwita konyeza. Konyeza katika ziwa la maji matamu! Mwingereza mmoja, J. E. S. Moore, alisafiri ziwani mara mbili, mwaka 1896 na 1899, na mwaka 1903 akatoa kitabu kizima akidai kwamba Ziwa Tanganyika ni mabaki ya bahari ya kale iliyoingia mpaka katikati ya Afrika. Mnaona? Hoja yake ni ile ile ya ndugu yetu na simbi yake: nimeona gamba, basi bahari ilikuwapo.

Ilikuwa hoja nzuri, nayo ilikuwa na kosa. Mwingereza mwingine, Cunnington, alikwenda mwaka 1904 akachunguza upya, hakuona dalili ya bahari. Samaki, kaa na konokono wa ziwa walikuwa na jamaa zao katika mito na maziwa ya Afrika. Ziwa lile halikuachwa na bahari, ni ufa. Gamba la dunia lilivutwa huku na huku, katikati pakazama, maji ya mito yakajaa. Ni mambo yale yale yaliyoitenga Pemba, ila hapa ni nchi kavu. Ziwa lina umri wa miaka milioni kadha wa kadha, na kina chake chafika mita 1,470, hata sakafu yake iko chini ya usawa wa bahari. Katika muda mrefu hivyo konokono wake walibadilika. Kaa wa humo huvunja magamba kwa magando yao, na konokono wa gamba jembamba huliwa kwanza. Wa gamba nene hubaki, huzaa wenye gamba nene. Basi yakafanana na magamba ya bahari bila kuiona bahari.

Bahari ya kale ilipoingia nchini kwetu kweli, iliacha alama isiyo na shaka. Huko Tendaguru, kiasi cha kilomita 60 kutoka mji wa Lindi, Wajerumani walichimbisha mifupa ya dinosau kuanzia mwaka 1909 mpaka 1913, na waliochimba na kubeba mizigo mpaka Lindi walikuwa wenyeji kwa mamia. Tabaka za mifupa zimepishana na tabaka zenye magamba ya bahari, zenye umri wa miaka kama milioni 150. Mapango ya Amboni, karibu na Tanga, nayo yamo katika jiwe la chokaa la bahari ya zama hizo. Lakini hayo yote yako ukanda wa pwani. Ukipanda bara, mawe ya bahari yanakoma.

Na Usoke je? Lile jiwe la kijivu lililomtoa cheche mpagazi ni itale, wengine husema granaiti. Liliganda chini sana ardhini kutokana na uji wa mawe ya moto, zaidi ya miaka milioni 2,500 iliyopita. Wakati huo hapakuwa na konokono wala samaki popote duniani. Baada ya hapo mvua na upepo vililichimbua mpaka likatokea juu. Tangu hapo kipande hiki cha Afrika kimetulia. Ufa ulipofika, ulikizunguka, mkono mmoja magharibi penye Ziwa Tanganyika na mkono mwingine mashariki. Katika itale ya Unyamwezi hakuna gamba hata moja lililoshikamana na jiwe. Simbi ya shambani ilikuwa juu ya udongo, peke yake, ina tundu.

Sasa nawapeni kazi ya mikono. Aleteni mtu kipande cha itale, mwingine gamba la yule konokono mkubwa wa shambani, mwingine ganda la yai, na yule wa Usoke alete simbi yake kama hatasikitika kuikwaruza kidogo. Twangeni kila kimoja kando mpaka kiwe unga, kisha kamulieni ndimu juu yake, mkate ndimu mpya. Tazameni kwa taa, karibu sana. Unga wa simbi utatoa povu dogo, na unga wa gamba la konokono vile vile, na wa yai. Unga wa itale utakaa kimya. Jiwe la nyumba za Bagamoyo lingetoa povu pia. Andikeni ubaoni mlichokiona, kila mtu kwa mkono wake, si mwalimu.

Juma lijalo, kwa saa hii hii, tutakwenda Uvinza, kwenye chemchemi za maji ya chumvi. Watu wamechemsha chumvi pale kwa zaidi ya miaka 1,000, na najua tayari kwamba yuko mmoja atakayesema chumvi ile imetoka baharini. Kwaherini.